Nani Anayechachusha Mnazi Wako?

Msomaji, kama unakaa Mombasa au huenda huko mara kwa mara, bila shaka umewahi kuona mitungi ya plastiki ikiteremshwa kutoka kwenye magari ya Kwale pale Likoni. Midomo ya mitungi hiyo huzibwa kwa kilifu, na povu jeupe huchungulia nje kana kwamba kuna moto unaochemka ndani. Moto haupo. Hicho ni kinywaji cha mnazi, yaani tembo, kilichogemwa alfajiri katika vijiji kama vile vya Mkongani, kwenye miinuko iliyo jirani na mbuga ya Shimba Hills.

Jiulize swali moja. Mama anayepika mikate hununua hamira dukani, akaitia katika unga, na unga ukaumuka. Mgema hanunui hamira, wala hatii kitu chochote kibuyuni. Je, ni nani anayelichachusha tembo lake?

Jibu ni hamira-mwitu, yaani hamira zinazoishi zenyewe porini, juu ya maua, matunda, maganda ya miti na miili ya wadudu. Makala hii inakueleza hamira hizo ni zipi, wataalamu huzitambua namna gani, na kwa nini jambo hilo linakuhusu hata kama wewe hugusi kileo.

KUTOKA KARARA HADI KIBUYU

Mgema hupanda mnazi kwa kukanyaga ngazi zilizochongwa kwenye shina. Juu huko huchagua karara ambalo bado halijafunguka, akalifunga kwa kamba ili lisipasuke, kisha akalikata ncha kwa kotama. Utomvu huanza kudondoka ndani ya kibuyu kilichoning'inizwa chini yake. Asubuhi na jioni hurudi kukusanya kilichopatikana na kukata kipande kingine chembamba, kwa sababu jeraha la zamani hukauka na kuziba.

Utomvu ukiwa bado ndani ya mti hauna vijidudu. Ni maji matamu yenye sukari kiasi cha gramu 12 hadi 15 katika kila gramu 100, na hayana ukali wowote. Sukari hiyo ni ileile iliyomo katika miwa. Lakini tone la kwanza likishagusa hewa, mambo hubadilika.

Hamira huingia kwa njia nyingi. Nyingine huwa juu ya karara lenyewe. Nyingine hubebwa na kotama kutoka mti mmoja hadi mwingine. Nyingine hukaa katika mashapo ya jana, kwa kuwa kibuyu hakioshwi kikatakata kabisa. Wadudu nao wana sehemu yao: nyuki, nyigu na vile visubi vidogo vinavyozunguka maembe yaliyoiva. Mwaka 2012 watafiti nchini Italia walionyesha kwamba nyigu huweza kuihifadhi hamira ya mvinyo ndani ya matumbo yao tangu msimu mmoja wa matunda hadi mwingine.

Hamira ni kiumbe mdogo sana wa jamii ya kuvu. Ukizipanga hamira 200 foleni, zingechukua nafasi ya milimita moja tu. Hata hivyo, udogo wao usikudanganye. Hamira moja ikiingia kibuyuni saa kumi na mbili asubuhi na ikazaana kila baada ya saa mbili, kesho yake wakati uo huo itakuwa imeacha kizazi cha zaidi ya 4,000. Na kamwe haiingii moja.

MAPOKEZANO NDANI YA KIBUYU

Kibuyu cha tembo hakina mwenyeji mmoja. Wanaoanza ni bakteria wapendao sukari, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa ya mala. Hao hutoa asidi, na utomvu ukaanza kuwa mchachu kidogo. Uchachu huo huwafukuza vijidudu wengi dhaifu, lakini hamira hauzisumbui.

Hamira nazo hufuata. Huivunja sukari na kutoa vitu viwili: kileo na gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo ndiyo inayoleta povu unaloliona Likoni, na ndiyo pia inayoumusha mkate na vitumbua. Ndiyo maana zamani tembo lilitumika jikoni kuumulia unga, kama wanavyofanya hadi leo watu wa kusini mwa India na Sri Lanka wanapotengeneza mikate yao ya unga wa mchele.

Linapogemwa huitwa tembo tamu. Baada ya saa chache huanza kuwa kali, na katika muda wa siku moja huweza kufikia kileo cha asilimia 4 hadi 6, sawa na bia ya chupa. Likiachwa siku kadhaa, kundi la tatu huchukua usukani: bakteria wanaokigeuza kileo kuwa asidi ya siki. Siki ya mnazi hupatikana kwa njia hiyo.

Jambo hili haliko pwani peke yake. Huko Iringa, Tanzania, wakati wa mvua watu hukata ncha za mianzi michanga na kukinga utomvu wake, nao huchacha wenyewe na kuwa ulanzi. Mti ni mwingine, lakini kazi ni ileile.

JINA LILILOTOKA KWETU

Kwa karne nyingi watu walikunywa bila kujua kinachotendeka. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona chembe za hamira kwa hadubini yake mwaka 1680, lakini hakujua kwamba ni viumbe hai. Katika miaka ya 1850 na 1860 Mfaransa Louis Pasteur alithibitisha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Denmark, alifaulu kuotesha hamira safi iliyotokana na chembe moja tu. Tangu hapo ikawezekana kuuliza: hii ni hamira gani, na ile ni gani?

Miaka kumi baadaye, mwaka 1893, Mjerumani Paul Lindner alichunguza mjini Berlin pombe ya nafaka iliyopelekwa kutoka Afrika Mashariki. Ndani yake aliona hamira ya ajabu. Hamira ya kawaida huzaa kwa kutoa chipukizi ubavuni, kama kiazi kinavyotoa jicho, na chipukizi hilo hukua kisha likajitenga. Hii ya kwetu haikufanya hivyo. Ilikuwa ndefu kama kijiti, ikajirefusha, ikajiwekea ukuta katikati, kisha ikakatika vipande viwili vilivyo sawa.

Lindner aliipa jina la Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ni maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuvu wa sukari anayejigawa. Sehemu ya pili, msomaji, huhitaji kufasiriwa. Ni Kiswahili chako mwenyewe, nacho kinatamkwa hadi leo katika maabara za dunia nzima.

Hamira hiyo, ambayo imepatikana pia katika tembo la minazi na mitende sehemu mbalimbali za dunia, ilikuja kuwa na faida kubwa kwa afya. Mwingereza Paul Nurse aliitumia kutafuta kile kinachoiamuru chembe ya mwili ijigawe. Alikipata, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba amri hiyohiyo imo katika chembe za binadamu. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell, aliyetumia hamira ya mkate, na Tim Hunt. Kwa kuwa saratani ni chembe zinazojigawa bila mpango, ugunduzi huo ulikuwa miongoni mwa misingi ya dawa mpya za ugonjwa huo.

HUTAMBULIWAJE?

Tuseme tumechukua kibuyu kimoja cha tembo kutoka Mkongani na kukifikisha maabara. Kijiko kimoja tu chaweza kuwa na mamilioni ya chembe. Mtaalamu ataanza kwa kulizimua tembo kwa maji safi mara elfu na zaidi, ili chembe zipungue na kutengana.

Halafu hulimwaga tone juu ya sahani yenye chakula kilichogandishwa kwa aga. Aga hutokana na mwani, ingawa si ule unaolimwa kule Kibuyuni karibu na Shimoni, bali jamaa yake. Sahani huwekwa mahali pa joto kwa siku mbili au tatu. Kila chembe iliyoangukia peke yake huzaana mpaka ikawa doa linaloonekana kwa macho. Doa moja ni ukoo mmoja. Mengine huwa meupe na laini kama siagi, mengine yamekunjamana, mengine makavu kama chokaa.

Hatua ya tatu ni hadubini. Je, hamira hii inatoa chipukizi au inajikata katikati? Ni ya mviringo, ndefu, au imechongoka ncha zote mbili kama limau? Hamira za umbo la limau huonekana sana mwanzoni mwa kuchacha, na wengi wao hupungua kileo kinapozidi. Ikinyimwa chakula, je, hutengeneza mbegu ndani yake, na ni ngapi?

Hatua ya nne ni kuipa hamira aina mbalimbali za sukari na kutazama ipi inailisha. Katika bomba la kioo huwekwa kibomba kidogo kilichopinduliwa kichwa chini. Hamira ikiweza kuichachusha sukari hiyo, gesi hunaswa ndani ya kibomba. Ile ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, huipenda sukari ya miwa lakini haiwezi kabisa sukari ya maziwa. Majibu ya majaribio haya yakiwekwa pamoja huwa kama alama za vidole.

Kwa miaka mingi njia hizo ndizo zilizotegemewa, lakini zina kasoro. Hamira mbili zisizo na udugu zaweza kula sukari zilezile, na ndugu wawili wa damu wakatofautiana. Ndiyo sababu sasa hatua ya mwisho ni kusoma DNA. Tangu mwaka 1998 wataalamu hutumia hasa kipande kimoja chenye herufi 600 hivi. Hamira mbili zikitofautiana kwa herufi zisizozidi tatu, kwa kawaida huhesabiwa kuwa aina moja. Zikitofautiana kwa sita au zaidi, kwa kawaida ni aina mbili. Kitabu kikuu cha wataalamu wa hamira kilichotolewa mwaka 2011 kiliorodhesha takriban aina 1,500, na nyingine zimeongezwa tangu hapo.

JINA LIKIKOSEWA, TIBA HUKOSEWA

Huenda ukasema: hayo ni mambo ya wasomi, mimi yananihusu nini? Hebu tazama mfano huu.

Katika vinywaji na vyakula vingi vinavyochachushwa kienyeji, tembo likiwemo, hupatikana hamira iitwayo Pichia kudriavzevii. Watengenezaji wa vyakula huiona kuwa msaidizi wa kazi. Kwa upande mwingine, madaktari hospitalini wanamjua adui aitwaye Candida krusei, kuvu anayeingia katika damu ya wagonjwa wasio na kinga na kuhatarisha maisha yao. Mwaka 2018 watafiti waliolinganisha DNA yao yote walithibitisha kwamba hao si wawili. Ni kiumbe mmoja mwenye majina mawili.

Jina hapa lina uzito, kwa sababu kuvu huyo kwa maumbile yake hasikii dawa ya flukonazoli, ambayo hutumika sana kutibu maambukizo ya kuvu. Daktari asiyejua ni kuvu gani aliye mbele yake anaweza kumpa mgonjwa dawa isiyofaa kitu, na siku zikapotea.

Mfano mwingine ni Candida auris, aliyeelezwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009 na ambaye baadaye alipatikana pia kwa wagonjwa waliolazwa jijini Nairobi. Vipimo vya kawaida vya sukari vilimchanganya na jamaa yake, na mara nyingi yeye ni sugu kwa dawa. Kazi ya kumpa kuvu jina lake sahihi inaweza kuokoa maisha.

Usitishike, msomaji. Mtu mwenye afya njema haugui kwa sababu ya kumeza hamira hizi. Kinga ya mwili na tumbo humlinda. Wanaopaswa kujihadhari ni wale walio katika matibabu ya saratani, waliopandikizwa viungo, na wengine ambao daktari amewaambia kinga yao imepungua sana. Hao wasiguse kinywaji chochote chenye hamira hai.

HAMIRA SIYO MUUAJI

Kila watu wanapokufa au kupofuka kwa kunywa pombe, lawama huangukia vinywaji vya kienyeji vyote kwa jumla. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi. Mei 2014 makumi ya wengine walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Muuaji katika misiba kama hiyo ni methanoli, kileo cha viwandani ambacho watu waroho wa faida hukichanganya katika pombe ili iwe kali upesi.

Hamira za tembo hutengeneza ethanoli, si methanoli. Methanoli ya asili hutokana hasa na pektini, kitu kilichomo kwenye maganda na nyama ya matunda, na utomvu wa mnazi unayo kidogo mno. Kwa hiyo, tembo likimpofusha mtu, usiilaumu hamira. Kuna mkono wa binadamu uliotia kitu.

Dalili za sumu hiyo huchelewa, pengine saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, na macho kuona ukungu. Usimwache mtu alale akidhaniwa amelewa tu. Mkimbize hospitali, kwani tiba ipo ikiwahi.

Hatari ya pili ni maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nao walizungumzia kiburi, lakini mwenye kujali afya ayasikie maneno hayo kama yalivyo. Maji ya kisima kichafu huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Uchachu wa tembo huwadhoofisha vijidudu hao, ila haukuhakikishii kwamba wote wamekufa, hasa tembo likiwa changa na limezimuliwa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Ikiwa wewe ni mnywaji, au una siki na tembo jikoni kwa mapishi, yakumbuke haya:

1. Nunua kwa mtu unayemjua na uulize limegemwa lini. Povu na harufu ya hamira si dalili ya kuoza. Lakini harufu ya rangi, spiriti au dawa ya kusafishia ni dalili ya hatari, limwage. Hata hivyo, methanoli yaweza isinuke kabisa, hivyo pua pekee haitoshi.

2. Usifunge tembo kwa nguvu ndani ya chupa. Hamira huendelea kutoa gesi, na chupa ya kioo inaweza kupasuka na kuumiza macho.

3. Friji huzipunguza hamira mwendo, haiziui. Tembo tamu uliloweka jioni huenda asubuhi likawa na kileo. Usimpe mtoto ukidhani ni maji matamu.

4. Vyombo vioshwe kwa maji ya moto. Usitumie mitungi iliyokuwa na dawa za mimea au mafuta ya gari, hata ikioshwa mara kumi.

5. Utasikia wakisema mnazi ni dawa kwa kuwa una vitamini. Ni kweli hamira zina vitamini za kundi B, lakini mboga na nafaka pia zinazo, tena bila kileo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kusemwa kuwa salama kwa afya. Kileo hudhuru ini na huongeza hatari ya saratani. Mama mjamzito asinywe kabisa, wala dereva aliye kazini.

6. Ukiugua baada ya kunywa, mweleze daktari ulikunywa nini na wapi, bila kuona haya. Ukiweza, beba masalio ya kinywaji chenyewe. Maabara haiwezi kutambua kitu ambacho haikuletewa.

Kibuyu kinachoning'inia juu ya mnazi kule Mkongani kina viumbe wengi wasioonekana, na kila mmoja ana jina lake, chakula chake na tabia yake. Baadhi yao wametufundisha jinsi chembe za miili yetu zinavyojigawa. Wengine wangefaa kuogopwa na mgonjwa aliyelazwa wodini. Anayestahili kuogopwa na kila mtu, hata hivyo, ni yule anayetia kitu mtungini baada ya mgema kushuka mtini. Huyo haonekani kwa hadubini, lakini wewe mnunuzi waweza kumwepuka kwa kuuliza kabla ya kulipa.